Kulwa Mmoja Anatosha

Mdogo wangu Doto alinifuta siku ya Alhamisi, tena akiwa ameshiba viazi nilivyompikia mimi mwenyewe.

Alikuwa anajifunza kutengeneza kanzidata kwa video za kwenye simu. Mama Eunice, mwenyekiti wa kwaya yetu hapa Ushirombo, ana mashine ya kukoboa mpunga na alikuwa anatafuta karani. Akamwambia Doto, "Panga safari ya kwaya kwenda tamasha la Geita kwa hicho kidude chako. Tukifika wote, kazi ni yako." Basi nyumba ikawa darasa. Hata sufuria zangu ziliingizwa kwenye jedwali.

Somo la sita lilisema jina likijirudia lifutwe, data ibaki safi. Doto akafuta. Kabla somo la saba halijafunguka, bando likaisha.

Sasa, huku kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na hakuna mzazi anayeumiza kichwa zaidi ya hapo. Majina ya ubatizo anayajua padri. Kwaya yetu ina watu thelathini na wanane, kati yao Kulwa sita na Doto watano. Baada ya usafi wa mdogo wangu tulibaki ishirini na tisa. Akakodi Kosta ya viti ishirini na tisa, akafurahi jinsi hesabu ilivyokaa sawa.

Jumamosi asubuhi pale stendi, dereva Amosi akasoma karatasi. "Kulwa." Tukapanda sita.

"Hapa Kulwa ni mmoja," akasema Amosi, ambaye wiki hiyo hiyo trafiki walikuwa wamemwandikia kwa kuzidisha abiria.

Aliyebaki kwenye orodha ni Kulwa mpiga ngoma, kwa kuwa ndiye aliyeandikwa mwanzo. Mimi, niliyelala tumbo moja na mwandika orodha, nikashushwa. Iliniuma, sifichi. Iliniuma kidogo zaidi ya nilivyoonyesha, mpaka ikafika zamu ya akina Doto. Doto wa kwanza kwenye orodha alikuwa Doto wa Mama Paskalina. Mdogo wangu alikuwa amejifuta mwenyewe.

"Mashine yangu haihitaji karani wa kufuta watu," Mama Eunice alisema dirishani, na Kosta ikaondoka.

Tukabaki tisa, Doto analia. Nilikuwa nimepanga kumgombeza mpaka jioni, lakini nilipomwona anaifuta simu machozi kwa kanga, nikamrushia bando. Nuruddin, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa anapeleka mzigo Geita, akatupakia juu ya magunia. Huko juu Doto akatazama somo la saba: kila mtu apewe namba yake peke yake, jina liwe la kumwitia tu.

"Hilo ndilo lingetangulia," nikamwambia.

Alikuwa ananiandika kumi na sita mkononi kwa kalamu. Yeye akajiandika kumi na saba, kwa sababu mimi nilitangulia kuzaliwa.

Tulifika kwaya ya zamu kabla yetu ikiwa bado jukwaani, tukaimba na pumba nyweleni. Baadaye Doto akawaandika namba na waliokuja na Kosta, akasimama mbele ya sufuria la pilau na daftari lake. Edward wa besi, ambaye kila safari hula sahani mbili na mwenzake akakosa, alirudi amevaa kofia.

"Ishirini na tisa ameshakula," Doto akasema.

"Huyo alikuwa Edward mwingine."

"Nyoosha mkono."

Edward akaondoka na kofia yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, sahani zilitosha watu wote. Mama Eunice akamaliza kula, akanawa, akasimama.

"Karani wangu nimempata, gete, kweli kabisa. Ni Doto."

Doto wanne wakasimama, mmoja akaanza kushukuru. Mdogo wangu alibaki ameketi.

"Mama," akauliza, "namba ngapi?"

Mama Eunice akamfuata, akaushika mkono wake, akausogeza karibu na miwani.

"Kumi na saba," akasema.

Kumi na sita nikapiga vigelegele.