Mgombea Aliyejifanya Anaona

Zefania alikuwa amepofuka, na zilibaki siku nne kabla ya uchaguzi wa diwani.

Aliyejua ni mkewe tu, Eliana. Mwaka ule wa tisini na nne, wa kwanza wa vyama vingi, watu wa Misigiri hawakusikiliza sera, walitazama. Mpinzani wake Benson, mnunuzi wa alizeti, alikuja na pikapu yenye spika, akasimama juu yake na miwani ya jua. Nani angempa kura mtu anayekokotwa mkono kama mbuzi wa mnadani?

Basi wakafanya mazoezi uani. Eliana ataita jina. Mwenye jina akiitika, Zefania atageukia sauti na kunyoosha kidole.

"Mama Happiness, karibu!" Eliana akajaribu.

Kuku akalia. Zefania akanyoosha kidole. "Mama Happiness! Leo umependeza."

"Umemsifia kuku, baba."

"Naye ana kura?"

Eliana akacheka mpaka akamwegemea, kisha akamfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, bila haraka.

Siku ya mkutano wa kampeni mambo yakanyooka. Zefania aligeuka huku na huku, akawatania watu kwa majina. "Ana jicho la mwewe huyu!" wakapiga makofi. Eliana akaenda kumchotea maji.

Ndipo akafika Mzee Alute, baba yake Eliana. Akaketi mbele, kimya, akingoja shikamoo. Mkubwa haanzi kusalimu. Zefania akapita magotini pa mkwewe, koti likamgusa mzee, naye akaendelea kutabasamu.



"Hajapata udiwani, mkwe hamwoni!" mama mmoja akasema. "Akiupata si atatukanyaga?"

Mzee akainuka na fimbo yake, aondoke.

Eliana, aliyekuwa akirudi na maji, akaangusha ndoo. "Baba, usiende! Hajakudharau. Haoni. Tangu Juni haoni kitu."

Zefania akasimama. Kisha akapiga goti. "Shikamoo, baba."

Alikuwa ameielekea nguzo ya bendera.

Mzee Alute akazunguka taratibu, akamwekea mkono kichwani. "Marahaba, mwanangu. Niko huku."

Radhi ilitoka palepale, lakini mila ni mila: mkwe alikuwa amepitwa mbele za watu. Iliwagharimu kondoo mmoja, madebe mawili ya uwele wa pombe, na udiwani. Benson alipata kura mia tatu na kumi. Zefania, arobaini na moja.