Magwanda Hayaendi

“Tukibadilisha lebo tu, nani atajua?” shemeji alirudia, akiegemea meza ya kukatia kana kwamba ni yake.

Mama Mkasi, mwenye kiwanda cha ushonaji, aliendelea kulaza kitambaa cha kijivu, tabaka juu ya tabaka. Alikinunua kwa ajili ya magwanda ya askari wa nchi jirani, wale wanaovunja mikutano kwa virungu. Juzi vikatangazwa vikwazo: marufuku kuwauzia mafuta, magari, silaha na sare. Shemeji, ndugu wa mumewe, ambaye kazi yake ni kukitafutia kiwanda wateja, tayari alikuwa na dalali wa kuupitisha mzigo nchi ya tatu.

Mama Mkasi alikuwa amekataa, na shemeji amekuja juu. Vikwazo havimng'oi mkubwa, alidai, vinamkondesha mnyonge. Akamwaga na ile methali ya tembo na nyasi.

“Ingekuwa unga au dawa, ningekusikiliza,” Mama Mkasi akasema. “Mnyonge gani analia kwa kukosa magwanda?”

Mafundi wakacheka chini chini. Shemeji akawageukia, akawauliza kama watoto wao watashiba msimamo wa bosi. Kicheko kikakatika.

Mama Mkasi akaweka chaki chini. Akawakumbusha mdogo wake, aliyeshona humu humu kabla ya kuolewa ng'ambo ya mpaka. Jana alipiga simu: mumewe amekamatwa.

“Ameniambia hivi: ‘Dada, askari aliyemkokota alivaa gwanda lenye mshono wetu mfukoni, ule wa kurudia pembeni. Vikwazo vikileta foleni ya mafuta, nitapanga. Ninyi msiwavishe tena.’”

Shemeji akashusha sauti: basi kitambaa kiwekwe stoo, mambo yakipoa wataona.

“Kikikaa kizima, utanijia tena kesho. Nakujua.”

Hospitali ilikuwa ikingojea aproni za wauguzi tangu mwaka jana. Kila mara ilisukumwa nyuma kwa ajili ya magwanda. Mama Mkasi akachomoa patani za karatasi za aproni ukutani, akazipanga juu ya kitambaa, akawasha mashine ya kukatia. Ikanguruma. Akaipitisha kwenye tabaka zote kwa mkupuo mmoja, bila kupepesa macho, na vipande vikaanguka vikiwa na umbo la aproni, visivyofaa tena hata bega la askari.

Cherehani ya kwanza ikaanza kulia, ya pili ikaitikia, kisha chumba kizima.

“Sasa mwite dalali wako aje ajaribu kuvipitisha,” akasema, akimtwika furushi la vipande. “Shika huku, shemeji. Peleka kwa mafundi.”

Shemeji akapeleka.