Nani Atamsindikiza Madam Nketia

Afriyie aliandika kwenye grupu la WhatsApp la wagonjwa wenzake mara tatu. Mara ya nne akarekodi sauti kabisa, asije mtu akasema hakuona. "Jumamosi Madam Nketia anakuja kutukagua. Ndiye atakayeamua kama zahanati itatuachia chumba au itakigeuza stoo. Naombeni mje kama mnavyokuja siku zote, na mikeka yenu na mito yenu. Mtu asijikaze."

Wote wakajibu kwa kidole gumba.

Jumamosi ikafika. Mzee Gyasi, aliyeachishwa udereva wa lori na kiuno chake, kaja kajitanda kitambaa begani utadhani anakwenda kuozesha binti. Anti Dufie, ambaye miguu humwaka moto mchana kutwa, kavaa viatu vya kisigino. Wengine tisa, hivyo hivyo: poda, hereni, marashi. Mikeka yote imekunjwa, imefichwa nyuma ya mlango.

"Mimi nilisema nini?" Afriyie akauliza.

"Mgeni ni mgeni, binti yangu," Mzee Gyasi akasema. "Unataka anikute nimelala chini kama mbuzi aliyefungwa?"

"Ndiyo. Hicho hicho ndicho ninachotaka."

"Basi lala wewe."

Kabla hajamjibu, Madam Nketia akaingia na faili lake.

Saa nzima wakakaa wima kwenye mabenchi. Afriyie akaeleza: huyu akipata nafuu leo, anampelekea supu yule aliyeshindwa kutoka kitandani, anamfulia, anamsikiliza bila kumwambia amwombe Mungu zaidi. Kumi na mmoja wao, wote wa kujitolea, wote wanaumwa.

"Mzee, unaumwa wapi?" Madam akauliza.

"Aa, tunamshukuru Mungu."

"Na wewe mama?"

"Tunasogea, Madam, tunasogea," akasema Anti Dufie, na kicheko juu.

Afriyie alitamani kumfinya.

Madam akafunga faili. "Nilitegemea kukuta wagonjwa. Nyie wazima kuliko wauguzi wangu. Chumba nitakichukua mwisho wa mwezi."

Akaaga, akafika mlangoni, akasimama. Anangoja. Katika mji wote wa Kumasi, kumwacha mgeni atoke peke yake ni sawa na kumfukuza.

Hakuna aliyenyanyuka.

"Haya," akasema Madam. "Kumbe mmeninunia."

Mzee Gyasi akashika benchi, akajisukuma, akapanda kidogo, akarudi chini. Tabasamu bado lipo, jasho linamtiririka shingoni. Anti Dufie akawa anaviangalia viatu vyake kama vya mtu mwingine.

"Hawajanuna," Afriyie akasema. "Hawawezi kusimama. Wamekaa hivyo saa nzima kwa heshima yako."

"Si wamesema wazima?"

"Ndivyo wanavyowaambia waume zao, wachungaji, hata madaktari. Hapa tu ndipo huwa wanaacha kusema."

Akataka ainuke amsindikize yeye mwenyewe. Mgongo ukagoma. Ndipo akakumbuka mto wake uko nyuma ya mlango na mikeka, na aliyeuweka pale ni yeye mwenyewe, asubuhi, baada ya kupiga pasi gauni. Hasira zikampanda, akakosa wa kumtupia.

Madam akavuta mlango. Mikeka ikamporomokea miguuni. Akaokota mmoja, akautandika mbele ya Anti Dufie, akamvua viatu kwa mkono wake.

"Mtabaki hadi Desemba," akasema. "Halafu nakuja tena kuwakagua."

Akatoka peke yake. Wakapokezana mikeka, mmoja mmoja wakajilaza.

Hadi Desemba tu. Afriyie akateleza mpaka sakafuni, akatoa simu, akaanza kuandika: *Mwezi wa kumi na mbili Madam anarudi. Naombeni mje kama...*

"Mimi ningesimama," Mzee Gyasi akasema kutoka kwenye mkeka wake. "Nilikuwa nasubiri wakubwa watangulie."

"Mkubwa hapa ni wewe, Mzee."

"Ndiyo maana nikachelewa."

Simu ikalia mkononi. Ni Anti Dufie, aliyelala hatua mbili tu kutoka hapo, ameandika kwenye grupu: *Hiyo Desemba tushone sare rangi gani?*

Vidole gumba vikaanza kumiminika.