Sala ya Njiti

Njiti, yule mchekeshaji mwembamba, alikuwa nyuma ya pazia akifunga kamba za viatu vyake vikubwa vya jukwaani, mara dada yake akaingia mbio.

"Mama yuko mstari wa mbele!"

"Mama yupi?"

"Kwani tuna wangapi? Kavaa lile gauni alilovaa kwenye harusi yako, na mkoba kapakata."

Miaka miwili, tangu wamzike baba yao, Njiti hakuwa amesali. Mama hakujua. Kila akiambiwa ashukuru mezani, alijitia kikohozi. Na kilele cha onyesho lake ni sala ya mzaha, ambayo mwisho wake huwavunja watu mbavu: "Na kama hupo, samahani kwa usumbufu." Watu walidhani anatania. Kumbe mwenzao alikuwa anasema kweli.

"Iruke leo," dada akasihi.

"Niiruke vipi? Hata bango la mlangoni limeandikwa Sala ya Njiti!"

Akatoka. Ukumbi pomoni, vicheko mfululizo. Ikafika zamu ya sala. Akapiga magoti, akafumba jicho moja. "Ee Mungu..."

Sasa, kwao sala ikianza mtu husimama, hata akiwa na tonge mdomoni. Mama akasimama wima, macho kayafumba, mkoba kifuani. Wa nyuma yake wakadhani ndio mchezo wenyewe, nao wakasimama. Mstari baada ya mstari, ukumbi mzima! Kimya, hata chafya hakuna.

"Ee Mungu, viatu hivi ni vikubwa..."

Hakucheka mtu. Akajikuta amefumba na jicho la pili.

"Sijasema nawe tangu tumzike baba. Na kama hupo... samahani kwa usumbufu."

"Amina!" Mama akaitikia, sauti kama kengele. "Hata mimi humwambia hivyo hivyo, mwanangu! Kila asubuhi!"

Wee! Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Njiti akaruka chini, viatu vikamkwaza, akamwangukia mama yake mikononi.

"Na anakujibu?" akamnong'oneza.

"Bado. Kesho nitamgongea tena. Utakuja?"

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Ya asubuhi, Mama?"

"Ya asubuhi."

Njiti, ambaye saa nne kwake ni alfajiri, akasema atakuja.