Wakemia Watatu na Kopo la Mayonezi

Mwikali alikuwa na mafua, na mkemia wa vipodozi mwenye mafua ni sawa na mpishi asiyeweza kuonja. Pua ilikuwa imeziba kabisa, tena siku aliyoihitaji kuliko zote. Wageni wake walikuwa wamefika Malindi: Mama Idah kutoka Dar es Salaam, maana mpaka ulikuwa umefunguliwa tena na watu walikuwa wameanza kutembeleana, na Bwana Kaggwa kutoka Kampala, mwembamba, tai shingoni katika joto lile, na mkoba asiouachia hata akienda msalani. Wote wawili walikuwa watengenezaji wa krimu za kujipaka kama yeye, na yeye ndiye aliyewaalika.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulisema. Waunganishe akili, watengeneze krimu moja isiyoharibika kwa joto. Kulitenda ndiko kulikokuwa na kazi. Mkemia wa vipodozi atakusimulia habari za watoto wake, ndoa yake, hata jipu lake, lakini muulize anatia nini ndani ya krimu yake uone anavyogeuka bubu. Siku ya kwanza yote waliketi kwenye baraza ya hoteli wakisifu upepo.

Na Bwana Randu, mwenye kiwanda alichofanyia kazi Mwikali, hakuwa mtu wa kungoja upepo. "Sikiliza, Mwikali," alikuwa amemwambia, "hao wageni wako wakienda zao bila kukubali kushirikiana nasi, hiyo maabara yako naijaza mbata." Mbata! Yaani nazi kavu, magunia mpaka darini, katika chumba ambacho Mwikali alikijenga kwa kuombaomba kila chupa na kila kijiko tangu alipoteremka kutoka Machakos. Alikipenda chumba kile kupita kiasi. Kila akifumba macho aliona magunia.

Siku ya pili akajipa moyo. Atawapa krimu yake waijaribu, kasoro yake na yote. Huenda akianza yeye kujifunua, nao watajifunua. Kasoro yenyewe ilikuwa moja tu: ikipata joto inakatika, mafuta huku, maji kule. Ndiyo maana alikuwa ameihifadhi katika friji ya hoteli, kwa hisani ya Kahindi, mpishi.

Sasa, Mwikali huyuhuyu, kwa wema wake, alikuwa amempa Kahindi zamani makopo matupu ya kiwandani, yale meupe ya plastiki, ayatumie apendavyo. Jambo zuri sana. Ila hakujiuliza hata siku moja Kahindi anatia nini ndani yake.

Akaingia jikoni, akachukua kopo, akalibeba kwa mikono miwili mpaka mezani.

"Karibuni," alisema kwa sauti ya mafua. "Hii ndiyo krimu yangu."

Ukitaka kuwajua wakemia wa vipodozi, weka kitu chochote cheupe mbele yao. Kaggwa alichota kwa ncha ya kidole, akapaka nyuma ya kiganja, akasugua, akafumba macho. Mama Idah akapaka mkono, akapaka shavu, na kwa kuwa hafanyi mambo nusunusu, akapaka na shingo.

"Inateleza vizuri," alisema Kaggwa.

"Na nzito ya kutosha. Mdogo wangu, hapa umepatia!"

Kaggwa alinusa kiganja. "Kuna uchachu kidogo. Nadhani ametia ndimu. Akili sana hiyo, ngozi inapenda uchachu."

Ndimu? Mwikali hakutia ndimu. Lakini mtu akisifiwa na nchi mbili kwa mpigo, atabisha nini? Alitikisa kichwa kukubali. Jua likasogea, likaipiga meza, nao wanaendelea kujadili na kujipaka. Krimu imetulia tuli.

"Na haikatiki!" Kaggwa alisema, sasa kwa wivu.

Hapo Kahindi akatokea mlangoni, kopo mkononi.

"Dada Mwikali, niwie radhi. Mayonezi yangu umeiona? Nimefungua hili hapa nimtilie Muitaliano kwenye kamba wake, nakuta mafuta juu, maji chini, na inanukia waridi. Nami waridi sitii."

Mama Idah akagusa shavu lake, akatazama kidole, akakilamba.

"Yai," alisema taratibu. "Na siki."

Kaggwa ndiye aliyeanza kucheka, na nani angedhani! Alicheka mpaka akalegeza tai. Mama Idah akapiga meza, akapiga mapaja, akampiga Kaggwa. Kahindi naye akacheka bila kujua sababu.

Mwikali hakucheka. Aliona magunia.

"Basi mmejua," alisema, machozi yakimlengalenga. "Yangu ndiyo hiyo iliyokatika. Nimeshindwa kuizuia."

"Hata yangu inakatika!" Mama Idah alipiga ukelele. "Ikifika Tanga ni mchuzi! Miaka yote nikidhani mjinga ni mimi peke yangu!"

"Yangu haifiki hata Jinja," alisema Kaggwa, na kicheko kikaanza upya, safari hii cha watu watatu.

Ni vigumu kumficha siri mtu aliyekuona umejipaka mayonezi shingoni. Mwikali alifuta macho, akalitazama kopo lile juani. "Lakini hii imesimama. Kiini cha yai kimeshika mafuta na maji pamoja."

"Yai litaoza," alisema Mama Idah.

Kaggwa akakohoa. Kisha akaufungua ule mkoba, akatoa chupa ya kitu kizito cha rangi ya asali. "Kilichomo kwenye kiini kimo pia kwenye soya. Ndicho hiki. Peke yake hakikunitosha, kinataka nta nzuri."

Mama Idah akachakura pochi yake, akatoa bonge la nta ya Tabora. "Niliapa sitaitoa," alisema. "Haya, mafuta ya nazi yako wapi?"

Wakatimka mbio kuelekea maabara, mikono ikinuka siki, watu wa sokoni wakiwapisha.

Kesho yake adhuhuri Bwana Randu, aliyechoka kungoja, alifika na wapagazi, na gunia la kwanza la mbata likatuliwa mlangoni pa maabara. Mama Idah akalikalia palepale. Mwikali alipanda kwenye stuli, akashusha kopo lililokuwa likipigwa jua juu ya mabati ya paa tangu asubuhi, akampaka bosi wake mkononi. Krimu ilikuwa laini, nzima, nyeupe pe.

Bwana Randu alinusa kwa mashaka. Habari za mayonezi zilikuwa zimeshamfikia. "Hii si ya kula?"

"Si ya kula."

"Ni yako?"

Pua ya Mwikali ilikuwa imezibuka. Alisikia harufu ya nazi, ya nta, ya waridi, na siki kidogo kutoka upande wa Kaggwa. "Ni yetu," alisema kwa furaha.

Bwana Randu akajipaka na mkono wa pili, kisha akawageukia wapagazi. "Rudisheni mbata."

"Hili liacheni," alisema Mama Idah, bila kuinuka. "Nitahitaji pa kukaa nikirudi."