Mgeni Aliyemjua Mama

Gesare alishuka Silibwet saa nne asubuhi, akauliza gari la kupanda kijijini. Akaonyeshwa Probox kuukuu iliyokuwa ikipakiwa magunia ya mbolea.

"Saa tisa nashuka," dereva akamwambia. "Nikikuacha, utalala huko juu."

Alikuwa ametoka Keroka alfajiri na viatu vya mtoto wa miaka minane, saizi ya kukisia tu. Alimwacha bintiye Winny ana miaka mitatu, akaenda Saudia kufanya kazi za nyumba, na huko tajiri wake akamnyang'anya simu, asiweze kupiga nyumbani. Lami iliisha, mashamba ya chai yakaanza, baridi ya milima ikamwingia mifupani.

Tecla, mama wa mumewe, alikuwa akichuma chai karibu na lango. Hata hakushtuka.

"Umerudi."

"Nimerudi, mama. Nimekuja kumwona Winny."

"Mumeo Kipkurui alioa."

"Niliambiwa. Sikuja kwa ajili yake."

Tecla aliendelea kuchuma. "Huyo mtoto alilia mwaka mzima. Hali, halali. Nikamwambia mama yake alikufa. Akalia wiki moja, akanyamaza. Sasa anasoma, anaimba kanisani. Unataka kumfufulia maiti?"

"Lakini mimi niko hai, mama!"

"Kwangu uko hai. Kwake hauko. Ingia kama mgeni, ama urudi ulikotoka. Na ukisema lingine, hutamwona tena hata kwa picha."

Gesare alifikiria kupiga mayowe, kwenda kwa chifu. Lakini msichana mrefu mwenye sweta ya shule alikuwa ametokea mlangoni na chupa ya chai, na paji lake la uso lilikuwa la Gesare kabisa.

"Sawa," akasema.

Winny akaja, akainamisha kichwa asalimiwe kama watoto wa huko wafanyavyo. Gesare akaweka kiganja juu yake, na ilimchukua muda kukiondoa.

"Huyu alimjua mama yako," Tecla akasema.

Mtoto akainua macho. "Mlikuwa pamoja Saudia?"

"Ndiyo."

"Aliumwa sana?"

"Hapana. Si sana."

"Alikuwa ananitaja?"

"Kila siku."

Winny akamsogelea. "Sasa mbona hakurudi kabla hajakufa?"

Gesare akamgeukia Tecla. Tecla alikuwa akimimina chai taratibu.

"Mwambie," akasema. "Si ulikuwa naye?"

"Alichelewa," Gesare akajibu.

Gesare akatoa vile viatu, lakini havikuingia. Winny alisukuma kisigino mpaka uso ukamwiva, kisha akavirudisha kwa adabu.

"Vitamfaa mdogo wake," Tecla akasema, akaviweka kando. Mdogo wake ni mtoto wa yule mke mwingine.

Honi ya Probox ilipolia barabarani, Tecla akamwambia Winny amwombee mgeni safari njema. Wakasimama wote watatu. Mtoto akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa kuwaletea mgeni, akaomba gari lisiteleze, kisha akasema, "Na umlaze mama yangu mahali pema, asisikie baridi."

"Amina," Tecla akasema, halafu akafumbua macho na kumtazama Gesare.

"Amina," Gesare akasema.

Akatembea hadi barabarani peke yake. Dereva akamuuliza kama amewapata wenyeji wake. Akasema amewapata, wako salama.