Baiskeli ya Marehemu Issa

Siku ya hitima ya mzee Issa, pale Ziwani, Faraji alitoka kwenye nyumba ya msiba akiisukuma baiskeli ya marehemu. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu na anakohoa kikohozi cha marehemu.

"Nimeiba!" akapaza sauti. "Nyie lieni, mimi naiba! Bahili kaondoka, mali yake nakula mimi!"

Waliokuwa wakila wali walicheka hadi wengine wakapaliwa. Hata Somoe, dada wa marehemu, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu mazishi, alicheka. Kisha akalia, kilio chote kilichokuwa kimemkwama kifuani.

Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Ukoo wa Faraji na ukoo wa Issa walikuwa watani tangu mababu, na mtani msibani huchukua kitu cha marehemu mchana kweupe, akajiita mwizi, akakaa nacho. Wafiwa humfuata na kuku, wakakikomboa. Kuku akishaliwa pamoja, msiba umekwisha. Kabla ya hapo mtani hakirudishi kwa mkono wake, wala hasemi mbele yao kwamba hakuiba. Akisema hivyo, ameukana utani.

Athumani, mtoto pekee wa Issa, hakucheka. Alilelewa Tanga kwa mama yake, akaja kumzika baba aliyemjua kwa picha.

"Shangazi, yule nani anaondoka na baiskeli ya baba?"

"Mtani wetu huyo. Mpelekee kuku, atakupa."

"Nimpe kuku mwizi ili anirudishie mali yangu?"

"Si mwizi, baba."

"Kasema mwenyewe! Watu wote hawa wamemsikia."

Somoe alitaka kumweleza, lakini wageni walikuwa wanaaga na kila mmoja anataka mkono wake. Alipomaliza, Athumani alikuwa ameshapanda lori la mihogo kwenda mjini, polisi.

Askari walimkuta Faraji akipalilia chini ya mikorosho. Kituoni wakamuuliza, Athumani amesimama pembeni.

"Baiskeli umeiba?"

Faraji akamtazama Athumani, akatabasamu. "Nimeiba. Na huyu nikimkuta amelala namwiba na yeye, nikamuuze ng'ambo ya Ruvuma."

Askari hakucheka. Aliandika.

Asubuhi ya kupelekwa mahakamani, mkewe Nuru alimletea uji lokapu.

"Leo sema hukuiba."

"Mbele ya Athumani?"

"Mbele ya hakimu."

"Athumani atakuwepo, Nuru. Hajaleta kuku."

"Kuku!" Nuru alishika nondo kwa mikono miwili. "Mikorosho haijapigwa dawa ya salfa. Wanao wanaulizwa njiani kama baba yao ni mwizi. Ukifungwa, huo utani utawalisha?"

Faraji alikunywa uji wote, akamrudishia bakuli.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa na hakimu mgeni, mwanamke aitwaye Helena, na wazee wa baraza wawili kando yake. Karani alisoma shtaka: wizi, kinyume na Kanuni ya Adhabu, kwamba Faraji aliiba baiskeli moja, mali ya Athumani Issa.

"Ni kweli au si kweli?"

Athumani alikuwa benchi la mbele. Faraji akajikuta ameshafungua mdomo.

"Ni kweli. Nimeiba, na sirudishi."

Wazee wa Ziwani waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Hakimu Helena aligonga meza, lakini hakuandika.

"Sikiliza, mshitakiwa. Kuchukua tu si wizi. Wizi ni kuchukua ukijua huna haki, ukiwa na nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Ukisema ni kweli, umekubali yote hayo, na mimi nakupa adhabu leo hii. Wanaocheka huko nyuma hawatafungwa na wewe. Nakuuliza tena."

Hakuna aliyecheka tena. Faraji alimtazama Athumani, akingoja japo jicho lake moja limwambie kwamba ameelewa. Athumani alikuwa anatazama viatu vyake.

"Si kweli," Faraji alisema. Sauti ilikuwa ndogo mpaka karani akamwambia arudie. "Si kweli. Sikuiba."

Huko nyuma mzee mmoja alivaa kandambili zake, akatoka nje.

Faraji alidhaminiwa na shemeji yake wa Chuno, na wiki iliyofuata kesi ikasikilizwa. Athumani alitoa ushahidi wake vizuri, kama mtu aliyeufanyia mazoezi. Kisha hakimu akamwambia Faraji amuulize maswali.

"Niliichukua usiku?"

"Mchana. Watu wanakula."

"Nilikimbia?"

"Hapana. Ulipita katikati ya watu ukipiga kengele."

"Polisi waliikuta wapi?"

Athumani akasita. "Barazani kwako. Imeegeshwa inatazama barabara."

"Chafu?"

"Safi. Ulikuwa umeitia oili."

"Sasa mwizi gani huyo, njomba?"

"Swali hilo niachie mimi," Helena akasema, ila mdomo wake ulikuwa unapigana na tabasamu.

Hukumu haikuwa ndefu. Mshitakiwa alichukua waziwazi, akiamini kwa dhati kwamba mila inampa haki. Nia ya kuiba haikuthibitika. Hana hatia. Baiskeli akabidhiwe mrithi.

Faraji akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na kuku?"

Hakimu Helena alifunga faili. "Mahakama haiwezi kuamuru kuku," alisema, na hapo hakutabasamu.

Nje, Nuru alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Si mwizi! Watoto wataambiwa, shamba litapigwa salfa. Athumani alipokea baiskeli kutoka kwa askari, akaisukuma hadi getini, akasimama. Alipiga kengele mara moja, kama anayejaribu. Kisha akageuka, akarudi polepole mpaka mbele ya Faraji. Labda Somoe alikuwa amesema naye. Labda ni yale maswali.

"Na kofia ya baba je?" akasema, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. "Hiyo nayo umeiba?"

Kofia ilikuwa mfukoni mwa Faraji. Jibu lilikuwepo, lilikuwa tayari ulimini, tamu, la kumwangusha mtu kwa kicheko. Faraji alimwona askari amesimama mlangoni, mafaili kwapani.

Akaitoa kofia, akaikung'uta, akamkabidhi Athumani kwa mikono miwili.

"Hapana, bwana. Hii hapa."

Athumani aliipokea, akaigeuzageuza, kama anayengoja kitu kingine. Kisha akapanda baiskeli, akaenda.

"Alikuwa anakutania," Nuru alinong'ona.

"Nimemsikia."

"Mbona hukumjibu?"

Faraji alikuwa bado anamtazama yule askari mlangoni.

"Wataandika," alisema.